Mizani ya Pamba na Hesabu ya Kijiji

Mtu akiulizwa demokrasia ni nini, mara nyingi hujibu upesi: ni kupiga kura. Jibu hilo si la uongo, lakini ni nusu ya jibu. Kupiga kura ni kazi ya siku moja katika miaka mitano. Je, siku nyingine zote raia hana kazi? Akae kimya akingoja uchaguzi ujao? Hasha. Katika somo la juma hili twataka kuonyesha ya kuwa utawala wa watu husimama juu ya jambo dogo linalorudiwa mara nyingi, nalo ni kudai hesabu na kutoa hesabu. Jambo hilo likikoma kijijini, hata uchaguzi wa taifa zima hugeuka kuwa sherehe tu.

Mifano yetu hatutakwenda kuitafuta Ulaya wala Marekani. Tutaitwaa katika nchi ya Shinyanga na Geita, nchi ya pamba na ng'ombe, ya almasi za Mwadui na dhahabu ya Geita na Bulyanhulu. Twaichagua nchi hiyo kwa sababu mbili. Kwanza, watu wake waliwahi kutoa funzo kubwa la uraia zamani za ukoloni. Pili, utajiri uliomo ardhini mwake unayafanya maswali ya utawala kuwa makali zaidi. Palipo na mali nyingi, swali la nani anaitunza na kwa faida ya nani haliwezi kuahirishwa.

1. Mizani ya mnunuzi

Zamani za Waingereza, mkulima wa pamba katika Jimbo la Ziwa alibeba mzigo wake hadi kwa mnunuzi. Mizani ilikuwa ya mnunuzi, aliyeisoma ni mnunuzi, na aliyeandika daftari ni yeye yule. Mkulima asiyejua kusoma alitajiwa ratili zake, akapewa fedha, akaenda zake. Wakulima walinung'unika miaka mingi kwamba wanapunjwa. Walakini manung'uniko peke yake hayakumrudishia mtu hata senti moja.

Mambo yalianza kubadilika wakulima walipopatana kuweka watu wao wenyewe, watu waliojua kusoma, wasimame penye mizani na kuhakiki uzito. Ikawa mkulima akitajiwa ratili, yuko mwenzake wa kusema: ndivyo, au sivyo. Kutokana na juhudi za namna hiyo vikakua vyama vya wakulima, na kijana Paul Bomani akawa kiongozi wao mashuhuri. Mwaka 1955 vyama hivyo viliungana kuwa Muungano wa Vyama vya Ushirika vya Victoria, ambao ulikuja kuhesabiwa miongoni mwa miungano mikubwa ya ushirika katika Afrika nzima.

Yafaa tuitazame vizuri hekima ya wakulima wale. Hawakuivunja mizani. Hawakumpiga mnunuzi. Wala hawakuridhika kumwomba awe mtu mwema. Walisimama pale pale hesabu inapofanyika, wakatazama kwa macho yao. Tena hawakusimama mmoja mmoja, maana mkulima mmoja aliyebisha angeambiwa achukue pamba yake arudi nayo nyumbani. Walisimama kama chama. Hapo ndipo ulipo mzizi wa uraia: watu walio wanyonge wakiwa mmoja mmoja hupata nguvu wakipatana kutazama jambo moja kwa pamoja.

2. Geita, mwaka 1958

Tangu mwisho wa mwaka 1954 Serikali ya kikoloni ilikataa kuandikisha matawi ya TANU katika Usukuma, na katazo hilo likadumu hadi mwaka 1958. Huenda mtu akadhani kwamba miaka ile watu walikaa bure bila siasa. Sivyo. Walikuwa na ushirika wao, na katika mikutano ya ushirika walijifunza kuchagua viongozi, kuwauliza, kuwasikiliza na kuwaondoa. Chuo chao cha siasa kilikuwa ghala la pamba.

Basi ulipofika mwaka 1958, Serikali ilitaka kuweka katika Geita halmashauri ya wilaya ambamo viti viligawiwa kwa rangi za watu, Waafrika pamoja na Wazungu na Waasia, ingawa Wazungu na Waasia waliokaa huko walikuwa wachache mno. Wakaaji wa Geita waliona kwamba hawakuulizwa. Hawakukataa kuishi na wageni; walilokataa ni kupangiwa watu wa kuwasemea pasipo ridhaa yao. Mikutano ilikatazwa, wengine wakakamatwa. Ndipo watu wengi wakafunga safari hadi Mwanza kwenda kumwona mkuu wa jimbo. Siku zile halikuwako daraja la Kigongo na Busisi, ambalo lilifunguliwa Juni 2025. Walipokusanyika Mwanza polisi waliwatawanya kwa moshi wa kutoa machozi. Hata hivyo hawakuacha dai lao, na mwishowe mpango ule wa halmashauri ya rangi ukaachwa.

Mwaka ule ule Julius Nyerere alishtakiwa Dar es Salaam kwa ajili ya makala iliyotoka katika Sauti ya TANU, iliyowalaumu mabwana shauri kwa matendo yao. Akatozwa faini. Hivyo jina la Geita limeandikwa katika historia ya uhuru wetu, na halikuandikwa kwa sababu ya dhahabu. Liliandikwa kwa sababu watu wa kawaida walisema: halmashauri ni yetu, tuulizwe.

3. Kilichopiganiwa kikafutwa

Tungependa kuliishia somo hapo, tuimbe nyimbo za ushujaa. Lakini anayesoma historia sharti aisome yote.

Baada ya uhuru, halmashauri za wilaya zilifanya kazi kwa miaka kumi tu. Mwaka 1972 zilifutwa, na kazi zao zikatiwa mikononi mwa maofisa wa Serikali mikoani na wilayani. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika navyo vikavunjwa, pamoja na ule muungano wa wakulima wa pamba, ambao wakati huo uliitwa Nyanza. Sababu zilizotolewa hazikuwa mbaya kwa kuzisikia. Ilisemwa kwamba maendeleo yanachelewa, kwamba halmashauri hazina uwezo, kwamba katika ushirika kuna wizi na uzembe. Mengine katika hayo yalikuwa kweli. Lakini dawa iliyochaguliwa ilikuwa ya kumwondoa raia penye mizani, na kumwekea mtu mwingine amsomee.

Tazameni ajabu hii. Kile ambacho mkoloni alishindwa kukipanga kwa nguvu mwaka 1958, yaani kuwaamulia watu bila kuwauliza, kilifanyika kwa kalamu miaka 14 baadaye, na waliokifanya ni ndugu zetu wenyewe, tena wenye nia njema. Sheria mpya zilitungwa mwaka 1982, na halmashauri zikarudi mwaka 1984. Mwaka huo huo Mwalimu Nyerere alisema wazi katika mazungumzo yaliyochapishwa, kwamba kama angeanza upya yako mambo ambayo asingeyatenda, nayo ni kuzifuta serikali za mitaa na kuvivunja vyama vya ushirika. Ni viongozi wachache duniani waliowahi kutoa hesabu ya namna hiyo wakiwa bado madarakani.

Lakini jambo likivunjwa, kulirudisha katika karatasi ni kazi nyepesi kuliko kulirudisha katika desturi za watu. Vyama vikuu vya Nyanza na Shinyanga vilirudi, vikaelemewa na madeni. Halmashauri zilirudi, lakini kizazi kizima kilikuwa kimezoea kungoja maagizo kutoka juu. Mtoto aliyezaliwa mwaka 1960 alifikia umri wa mtu mzima pasipo kuiona halmashauri ya wilaya iliyochaguliwa ikimwuliza ofisa swali. Uraia ni kama lugha. Usiposemwa nyumbani, watoto hawaujui.

4. Wenye nguvu nao huhesabiwa

Sasa tuje kwenye hesabu nyingine iliyo nzito kuliko ya fedha, yaani hesabu ya uhai wa watu.

Katikati ya miaka ya 1970 mikoa ya Mwanza na Shinyanga ilisumbuliwa na mauaji mengi, hasa ya wazee waliosingiziwa uchawi. Mwaka 1976 vyombo vya dola vilifanya msako mkubwa. Watu wengi walikamatwa, na baadhi yao wakafa mikononi mwa waliowakamata kwa sababu ya mateso. Habari zilipofika juu hazikuzikwa. Mwezi Januari 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, alijiuzulu; vivyo hivyo Peter Siyovelwa, Waziri wa Nchi, pamoja na wakuu wa mikoa ile miwili. Mwinyi hakumpiga mahabusu yeyote, wala hakuna aliyesema ya kuwa aliagiza. Aliondoka kwa sababu wizara ilikuwa yake. Miaka minane baadaye, mwaka 1985, nchi ilimfanya Rais.

Tuangalie pia kwamba wakati huo chama kilikuwa kimoja. Hapakuwa na chama cha kumtisha Waziri kwa uchaguzi. Kumbe kuwajibika kwaweza kuwapo mahali penye chama kimoja, na kwaweza kukosekana mahali penye vyama ishirini. Vyama vingi, vilivyorudishwa kwa sheria mwaka 1992, ni chombo kizuri cha kudai hesabu. Lakini chombo si kazi. Jembe lililotundikwa ukutani halilimi.

Wananchi wenyewe nao hawana ruhusa ya kujiona wako nje ya hesabu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipozidi na bunduki kuenea baada ya vita vya Kagera, watu wa Kahama na Nzega walianzisha sungusungu. Mwano ulipopigwa, kila mwanamume alitoka na upinde wake, kijiji kikapokea na kingine kikapokea, hata mwizi akakosa pa kupita. Serikali yenyewe ilistaajabu, na baadaye ikalitambua jeshi hilo la jadi kwa sheria. Ulikuwa uraia wa kweli: watu walijipanga, wakachagua viongozi, wakalinda mali ya jirani kama yao. Walakini hao hao, mahali pengine, waliwahukumu wenzao bila ushahidi, wakawafukuza vikongwe kwa tuhuma za uchawi, na wengine wakamwaga damu. Anayeikimbia mahakama kwa sababu ni mbovu, akajifanya yeye ndiye mahakama, ameongeza ubovu mwingine juu ya ule wa kwanza.

Na pale ambapo hesabu haikufungwa mbele ya watu wote, uvumi hukaa kitini pa ukweli. Mwaka 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu. Wapo waliodai kwamba watu kadhaa walifukiwa mashimoni. Serikali na kampuni zilikana. Na mwaka 2002 msuluhishi wa Benki ya Dunia akasema hakuona ushahidi wa madai hayo. Waliolalamika walidai tume huru ya uchunguzi. Miaka karibu 30 imepita, na habari hiyo ingali inasimuliwa kwa namna mbili zisizopatana, kila nyumba na yake. Hatusemi hapa upande gani unasema kweli. Twasema tu kwamba watu wasiopewa hesabu wanayoweza kuiamini hawasahau. Wanaendelea kujihesabia wenyewe gizani.

5. Duara na kijiji

Tushuke sasa hadi mambo ya leo, katika machimbo na vijiji vya ukanda wa dhahabu.

Nenda kwenye duara lolote la wachimbaji wadogo siku ya mgawo. Mawe yametolewa, yamejazwa katika mifuko, na mifuko imepangwa mahali peupe. Yuko mwenye leseni, yuko mwenye duara, wako vijana waliochimba. Kila mmoja anajua fungu lake, na mifuko huhesabiwa mbele ya wote: huu wako, huu wangu. Kijana ambaye hakumaliza darasa la saba anahesabu kwa makini kuliko karani wa benki. Ukimpunja mfuko mmoja utasikia sauti yake. Mawe yakienda kwenye karasha, yuko mtu wake anayeyafuata. Dhahabu ikienda sokoni, anataka kuona mizani. Ndiyo desturi ile ile ya babu zake wa pamba.

Sasa mfuate kijana huyo huyo kijijini. Muulize: kijiji chenu kilipokea kiasi gani mwaka jana? Hajui. Zahanati iliyoishia kwenye lenta ilitengewa fedha ngapi? Hajui. Mkutano mkuu wa kijiji ulikaa lini? Labda hajawahi kuhudhuria hata mmoja. Je, huyu ni mjinga? La, tumemwona duarani, si mjinga hata kidogo. Neno ni hili: mfuko wa mawe anauona ni wake, fedha ya kijiji anaiona ni ya Serikali, na Serikali kwake ni mtu mwingine.

Hapo, wasomaji wetu, ndipo penye ugonjwa wenyewe. Sheria yetu haimtaki raia awe mgeni. Sheria Namba 7 ya mwaka 1982, inayohusu mamlaka za wilaya, yasema kwamba mkutano mkuu wa kijiji ni wa wakazi wote waliotimiza miaka 18, na ndio wenye mamlaka ya juu kabisa katika kijiji. Mwenyekiti hayuko juu yake, wala mtendaji, wala halmashauri ya kijiji yenye wajumbe 15 hadi 25. Mkutano huo wapasa kukaa walau mara moja kila miezi mitatu. Mtoto wa mkulima, mwanamke mjane, mchimbaji, wote wana kauli sawa ndani yake. Ni mizani iliyokwisha kuwekwa uwanjani. Waliokosekana ni wasimamizi.

Na fedha za kuhesabiwa zipo. Mgodi mkubwa wa Geita ulifunguliwa mwaka 2000, Bulyanhulu ukafuata mwaka 2001. Kisheria makampuni hulipa halmashauri ushuru wa huduma, ambao ni asilimia ndogo ya mapato ghafi. Tena marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017 yanaitaka kila kampuni iandae mpango wa kila mwaka wa kuwasaidia wananchi wanaoizunguka, na mpango huo ukubaliwe na halmashauri ya mahali hapo. Septemba 2017 madiwani wa Geita walikasirika hata wakafunga barabara ya kwenda mgodini, wakidai malimbikizo ya ushuru, na baadhi yao wakashikwa na polisi. Hatutaamua hapa nani alikuwa na haki. Lakini twauliza: baada ya fedha kupatikana, nani alisimama katika mkutano wa kijiji kuuliza zilikwenda wapi? Kudai fedha kwa mgodi kunahitaji ujasiri. Kumdai hesabu diwani wako, ambaye ni jirani yako na pengine shemeji yako, kunahitaji ujasiri mkubwa zaidi.

Kuna shida nyingine ya machimboni isiyosemwa sana. Watu huhamahama. Dhahabu ikisikika mahali, rashi inatokea, na katika majuma machache pori linakuwa mji. Wenyeji huwaita wageni, nao wageni hawajioni kuwa watu wa pale. Hawaandikwi katika daftari la wakazi, hawaitwi mkutanoni, na hawaulizi. Mwezi Oktoba 2015, siku chache kabla ya uchaguzi mkuu, shimo liliporomoka Nyangalata, wilaya ya Kahama. Tarehe 25 nchi nzima ilipiga kura, nao wachimbaji wamefukiwa. Baada ya siku 41, watano wakatolewa hai. Wachimbaji wenzao ndio waliosikia sauti zao kutoka chini. Habari hiyo ni fumbo lenye kufikirisha: katika kila uchaguzi wako watu ambao nchi imewasahau wakiwa wangali hai, na huokolewa tu ikiwa yuko jirani mwenye masikio.

6. Kura isiyo na ushindani na hofu ya kuuliza

Msomaji atatujibu: mwaniambia niulize, lakini nikiuliza nitaitwa mpinzani, na hata nikichagua, waliochaguliwa wamekwisha kujulikana. Jibu hili si la kudharauliwa. Itakuwa kosa kumlaumu raia peke yake, kana kwamba wenye mamlaka hawana mkono katika kimya chake.

Tuseme yaliyo wazi. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa mwaka 2019, wagombea wengi wa upinzani waliondolewa, vyama vyao vikajitoa, na chama tawala kikachukua karibu nafasi zote. Mwaka 2024 matokeo yakawa karibu yale yale. Tarehe 29 Oktoba 2025 ulifanyika uchaguzi mkuu. Chama kikuu cha upinzani hakikuwamo, na mwenyekiti wake alikuwa kizuizini kwa shtaka la uhaini. Mshindi wa urais alitangazwa kwa zaidi ya asilimia 97 ya kura. Siku ile na siku zilizofuata palikuwa na maandamano, intaneti ikafungwa, na watu waliuawa. Idadi yao imebishaniwa. Serikali iliunda tume ya uchunguzi chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman.

Hatuandiki maneno haya kwa kupendelea chama hiki au kile. Tunayaandika kwa kuwa kipimo cha Januari 1977 hakijafutwa. Mwaka ule vifo vya mahabusu katika mikoa miwili viliwafanya mawaziri waone kwamba haifai kuendelea kukaa vitini. Walijua kuwa damu ya raia si jambo la kutolewa maelezo tu. Taifa lililokwisha kujipimia kwa kipimo hicho laweza kukitumia tena, na wenye haki ya kukumbushia ni wananchi wote, wa kila chama na wasio na chama.

Na wale wanaotawala twawaambia hivi kwa heshima. Kura za asilimia mia hazimpi kiongozi nguvu, bali humnyima macho. Aliyeshinda kwa kushindanishwa anajua nani hakumtaka, na kwa nini. Aliyepita bila kupingwa hajui kitu. Anasikia vigelegele tu, na wahenga walikwisha kusema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

7. Tufanye nini?

Tusingoje uchaguzi wa mwaka 2030 ndipo tuwe raia. Yako mambo matatu yawezayo kuanza mwezi huu.

La kwanza ni kuhudhuria. Mkutano mkuu wa kijiji usipotimia, maamuzi hufanywa na wachache, na wachache hao huzoea. Kama mkutano haukuitishwa kwa miezi mitatu, watu kadhaa waende pamoja kwa mwenyekiti, kwa adabu, wakaulizie tarehe. Tunasema pamoja, kama wale wa mizani.

La pili ni kuuliza maswali yanayojibika. Anayesimama na kusema "viongozi wote ni wezi" amefurahisha umati, hakupata kitu. Aulize hivi: zimeingia shilingi ngapi, zimetoka ngapi, kwa kazi gani, na hati iko wapi? Mapato na matumizi yasomwe, kisha yabandikwe ubaoni. Mali bila daftari hupotea bila habari. Mhasibu mwaminifu hapati hasara kwa swali hilo, bali hupata mashahidi wa uaminifu wake.

La tatu, na hili ndilo gumu, ni kuanza nyumbani. Yuko baba anayeuza pamba au dhahabu, akazifunga fedha mfukoni, na mkewe aliyepalilia shamba lile lile asijue bei hata mwaka upite. Mke akiuliza, huambiwa kwamba anadharau. Baba huyo akisimama mkutanoni kumdai mwenyekiti hesabu, watoto wake watajifunza nini? Watajifunza kwamba hesabu hudaiwa kwa mwenye nguvu kuliko wewe, wala haitolewi kwa aliye mnyonge kuliko wewe. Na siku mmoja wao atakapokuwa mwenyekiti, atatawala kijiji kama alivyoona nyumba ikitawaliwa. Wazazi wanaokaa na watoto wao jioni na kusema, "tumepata kiasi hiki, karo ni hii, chakula ni hiki, mwasemaje?", hao wanalea raia bora kuliko hotuba mia.

Twapendekeza kila familia ijadili maswali haya juma hili:

Mkutano mkuu wa kijiji au wa mtaa wetu ulikaa lini mara ya mwisho, na nani katika nyumba yetu alihudhuria?

Kuna mradi gani karibu nasi ulioanza ukasimama? Tunajua kiasi gani kilitengwa? Kama hatujui, nani wa kuulizwa?

Yuko jirani yetu gani, mgeni au mnyonge, asiyeitwa mkutanoni wala kuandikwa katika daftari la wakazi?

Je, baba na mama wanajua kila mmoja mapato ya mwenzake, na watoto wanajua chakula chao kinatoka wapi?

Familia itakayoona haya kulijibu swali la nne, ianze na hilo kabla ya yale matatu.